Mikataba ya Dunia na Miaka ya Mtoto wa Kiriaini

Halmashauri ilipopanga kurasa za taarifa hii ya mwaka, iliona vema kwamba kabla ya hesabu za fedha iwekwe habari ya kale ihusuyo jambo lililotushughulisha sana mikutanoni, yaani watoto wa wanachama wasio na vyeti vya kuzaliwa. Wazee kadhaa waliuliza, na waliuliza kwa haki, kwa nini karatasi moja isumbue watu wazima namna ile, hali watoto wenyewe twawajua na wazazi wao twawajua. Nimepewa kazi ya kujibu kwa njia ya historia. Itanibidi kuanzia mbali, Ulaya, lakini sitakawia kurudi huku kwenye migongo ya Mathioya, kwa maana mengi yaliyoandikwa huko yalimhusu mtoto wa huku.

Hapo zamani mtoto wa Mkikuyu hakuhesabiwa miaka, alihesabiwa rika. Waliotahiriwa mwaka 1940 wakaitwa vijana wa 40. Aliyezaliwa wakati wa njaa ya mihogo, ile ambayo mama zetu waliiita Ng'aragu ya Mianga, alijulikana kwa njaa hiyo, na mwenye kupenda hesabu atakwambia kwamba ulikuwa mwaka 1943. Mpango huu ulitosha kabisa kwa kazi yake. Ulionyesha nani amwamkie nani, nani aruhusiwe kuoa, nani anyamaze mzee anenapo. Lakini mataifa yalipoanza kuandikiana mikataba juu ya watoto, hayakuuliza rika. Yaliuliza miaka, na sisi tulikuwa hatuna jibu la maandishi.

Vita Vikuu vya kwanza vilipokwisha, Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliunda Shirika la Kazi Duniani. Mkutano wake wa kwanza ulifunguliwa Washington tarehe 29 Oktoba mwaka huo, na miongoni mwa mikataba yake ya mwanzo ni ule uliokataza kuwatia viwandani watoto wa chini ya miaka 14. Mwaka 1921 ukafuata mwingine juu ya kilimo: mtoto wa chini ya miaka 14 asifanye kazi ya shamba katika saa za shule. Mtu akiyasoma maneno hayo leo aweza kudhani kwamba mtoto wa Murang'a alikuwa amekwisha kuokolewa.

Hakuokolewa. Ndani ya Mkataba ule ule wa Versailles mlikuwa na kifungu, nacho ni cha 421, kilichosema kwamba dola zingeitumia mikataba ya kazi katika makoloni yao pia, isipokuwa pale ambapo hali ya mahali haikubali, au baada ya kuibadili mikataba ili ilingane na hali hiyo. Basi nani aliyeipima hali ya mahali? Aliipima mwenye ofisi, na mwenye shamba la kahawa alikuwa rafiki yake. Tarehe 23 Oktoba 1919, siku sita tu kabla ya mkutano wa Washington kufunguliwa, John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa mambo ya wenyeji, alitoa waraka kwa amri ya Gavana Northey. Waraka uliwataka maofisa na machifu wawahimize watu watoke kwenda kufanya kazi kwa masetla. Na pale ambapo mashamba yalikuwa karibu na makao ya Waafrika, wanawake na watoto nao wahimizwe waende. Kila mtu alijua maana ya kuhimizwa na chifu katika siku zile.

Hapo ndipo jambo la miaka lilipoanza kuuma. Kipande kilichoanza kutumika wakati huo huo kiliwahusu wanaume wa miaka 16 na zaidi. Mvulana wa chini ya hapo hakuwa na kipande, na kwa hiyo hakuwa na maandishi yoyote ya mkataba wake wala mshahara wake. Masetla walimwita toto, naye alichuma kahawa Thika, Makuyu na Ruiru pamoja na mama zake na dada zake. Umri wake ulikuwa machoni pa mtu aliyemtazama. Mvulana yule yule aliweza kuwa mtu mzima mbele ya karani wa kodi, kwa kuwa kodi ilihitaji watu wazima, kisha akawa toto mbele ya mwenye shamba, kwa kuwa ujira wa toto ulikuwa mdogo.

Watu hawakunyamaza. Harry Thuku alipozunguka nchi mwaka 1921 na 1922, kazi ya lazima ya wanawake na wasichana ilikuwa mojawapo ya malalamiko makubwa aliyoyachukua. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922, na siku mbili baadaye umati uliokusanyika Nairobi ukapigwa risasi. Aliyewatia moyo wanaume wasitawanyike alikuwa Mary Muthoni Nyanjiru wa Weithaga, jirani yetu hapa, naye akafa pale pale. Hakuna mkataba uliomtaja. Hata hivyo naona kwamba katika habari za kumlinda mtoto wa nchi hii, jina lake lastahili kuwekwa mbele ya majina mengi ya Ulaya.

Huko Uingereza bibi mmoja, Eglantyne Jebb, alikuwa ameanzisha mwaka 1919 mfuko wa kuwaokoa watoto walioumizwa na njaa baada ya vita. Yeye ndiye aliyeandika tamko fupi lenye mambo matano, ambalo Shirika la Mataifa lililikubali Geneva mwaka 1924. Tamko hilo lasema kwa ufupi kwamba mwenye njaa alishwe, mgonjwa atibiwe, yatima apewe makao, na mtoto akingwe na wanaotaka kumtumia kwa faida yao. Ni maneno mazuri, ila hayakumfunga mtu yeyote kisheria, na wala hayakusema mtoto ni wa miaka mingapi.

Mwezi wa Juni 1931 umoja wa mifuko hiyo ya watoto uliita mkutano Geneva kuzungumza juu ya mtoto wa Afrika: vifo vya watoto wachanga, elimu, na kazi. Waafrika waliokuwamo walihesabika kwa vidole. Mmoja wao alikuwa Jomo Kenyatta, ambaye Kikuyu Central Association, chama kilichozaliwa huku kwetu mwaka 1924, kilikuwa kimemtuma Uingereza mwezi wa Mei pamoja na Parmenas Githendu Mockerie. Wajumbe kadhaa wa Ulaya walitaka tohara ya wasichana ikomeshwe kwa sheria, naye Kenyatta alikuwa mtetezi wa mila. Wazee wanajua jinsi ugomvi huo ulivyovunja makanisa na shule kuanzia mwaka 1929. Mimi sitaufufua hapa. Nasema tu kwamba ni vibaya kuamua habari za binti bila mama yake kuwamo chumbani, na pia kwamba kosa hilo la wageni halikuufanya ule wembe kuwa mwema.

Katika miaka iliyofuata sheria za koloni zilianza kumtaja mtoto, lakini polepole. Ile ya mwaka 1933 ilihusu kazi za viwandani, hali watoto wetu walikuwa mashambani. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1930 ikaja nyingine iliyoweka kiwango cha kuajiri mtoto kuwa miaka 10. Kiwango hicho kiliwaaibisha watu hata huko Uingereza, hasa baada ya Archdeacon Owen, mmisionari wa Nyanza, kuandika magazetini juu ya watoto wanaofanya kazi. Lakini hata kama kiwango kingekuwa cha haki, nani angeweza kumtenga mtoto wa miaka 10 na wa miaka 8? Uandikishaji wa vizazi na vifo ulikuwa umeanza nchini mwaka 1904, na sheria yake kubwa ikatungwa mwaka 1928, lakini Mwafrika hakulazimishwa kuandikisha mtoto wake. Waliolazimishwa ni wageni. Vitabu pekee vilivyoweza kutaja siku ya mtoto wa hapa vilikuwa vya ubatizo, kama vile vya Wakonsolata, waliofika Tuthu kwa Chifu Karuri wa Gakure mwaka 1902, na vya Waanglikana wa Weithaga na Kahuhia. Asiyebatizwa hakuwa na siku.

Nafika sasa mahali ambapo wengi wetu tuna kumbukumbu za nyumbani. Mwaka 1930 Shirika la Kazi lilipitisha mkataba juu ya kazi ya lazima, na Uingereza ikauridhia mwaka 1931, maana yake ikakubali kufungwa nao. Kifungu chake cha 11 chasema wazi kwamba watakaoweza kuitwa kwa kazi ya lazima ni wanaume wenye afya, wasiopungua miaka 18 wala kuzidi 45. Mwanamke hayumo. Mtoto hayumo. Lakini mkataba huo ulikuwa na milango yake pia: kazi ndogo za kijiji hazikuhesabiwa, wala kazi za wakati wa vita au msiba. Kwa mlango wa kwanza mama zetu waliwekwa kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, mpaka wanawake wa Fort Hall, kama Murang'a ilivyoitwa siku zile, wakakataa mwaka 1947 na 1948. Kwa mlango wa pili yakaja mambo makubwa zaidi.

Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Mwaka 1954 na 1955 watu zaidi ya milioni moja wa nchi ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa kwenye mashamba yao wakatiwa vijijini, vijiji vilivyozungukwa na mahandaki na mijiti iliyochongwa. Mahandaki hayo, na lile refu lililochimbwa kando ya msitu, yalichimbwa na wale waliobaki nyumbani, yaani wanawake, wazee na watoto, maana wanaume wengi walikuwa vizuizini au msituni. Mwenye mkataba wa 1930 mkononi angeweza kusimama ukingoni mwa handaki na kuhesabu mikono isiyopaswa kushika jembe pale. Tena, katika mwezi wa Oktoba 1953 Uingereza ilikuwa imeueneza mkataba wa Ulaya wa haki za binadamu hata Kenya. Mwaka uliofuata ikatoa taarifa kwamba baadhi ya masharti yake hayatafuatwa kwa sababu ya Hali ya Hatari. Sijui kama kulikuwa na mtu Murang'a aliyepata kuambiwa kwamba alipewa haki na kunyang'anywa katika muda mfupi kama huo.

Mwaka 1956 bibi mmoja Mwingereza wa dhehebu la Quaker, Eileen Fletcher, aliyekuwa amefanya kazi ya serikali katika vizuizi, alitangaza gazetini huko kwao kwamba aliona Kamiti wasichana wa miaka 11 na 12 waliohukumiwa kifungo cha maisha. Jambo likafika katika Bunge la Uingereza mbele ya Waziri wa Makoloni, Lennox-Boyd. Na tazameni, wazee wangu, ubishi uligeukia nini: miongoni mwa mambo yaliyobishaniwa ni umri wa wasichana wale. Yeye alisema ni watoto. Upande wa serikali ukasema ni wakubwa kuliko hivyo. Hapakuwa na karatasi ya kuwaamua. Msichana alikuwa gerezani huku Kiambu, na miaka yake ikibishaniwa London na watu wasiomjua mama yake. Kama siku yake ya kuzaliwa ingalikuwa imeandikwa kitabuni, ubishi huo usingaliweza kuanza.

Wavulana nao walikuwa wengi vizuizini, na mwaka 1955 wakaanza kukusanywa Wamumu, katika Mwea, chini ya Geoffrey Griffin. Nani apelekwe Wamumu na nani abaki na watu wazima, hilo nalo lilikuwa swali la miaka. Griffin huyo, pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, walianzisha Starehe mwezi wa Novemba 1959 kwa ajili ya wavulana waliorandaranda Nairobi, wakisaidiwa na ule ule mfuko wa Bibi Jebb. Mwezi huo huo, tarehe 20, Umoja wa Mataifa ulitoa tamko jipya la haki za mtoto lenye kanuni kumi. Kanuni ya tatu yasema kwamba mtoto apewe jina na uraia tangu kuzaliwa.

Naomba radhi nijitaje kidogo. Nilipokwenda kuchukua kitambulisho, karani alinitazama juu mpaka chini akaandika kwamba nilizaliwa mwaka 1951. Mama yangu alisema daima kwamba alinizaa walipokuwa wakichimba handaki la kijiji, naye hakuwa mtu wa kusahau handaki lile. Basi ni mwaka 1954. Nilistaafu mwaka 2006 kwa kutimiza miaka 55 ya karani. Mwaka 2009 serikali ikaongeza umri wa kustaafu ukawa miaka 60. Sina kinyongo na karani, alikuwa na watu wengi mlangoni. Lakini mtu akiniuliza karatasi ina faida gani, mimi naweza kumjibu kwa shilingi na senti.

Tulipopata uhuru mambo yalikwenda mbele. Kenya iliridhia yenyewe ule mkataba wa kazi ya lazima mwaka 1964. Sheria ya kuandikisha vizazi ikaenezwa kwa Waafrika wilaya baada ya wilaya tangu mwaka 1963, hata mwaka 1971 ikawa imefika nchi nzima. Mwaka 1979 Kenya ikaridhia mkataba wa umri wa chini wa kuajiriwa, ikatangaza kwamba kwetu umri huo ni miaka 16. Kisha tarehe 20 Novemba 1989 Umoja wa Mataifa ukapitisha Mkataba wa Haki za Mtoto, nayo Kenya ikauridhia tarehe 30 Julai 1990, miongoni mwa nchi za mwanzo duniani. Kifungu cha 7 chaamuru kwamba mtoto aandikishwe mara tu azaliwapo.

Wako wanaosema kwamba mkataba huo ni wa Wazungu na kwamba wafundisha watoto ukaidi. Ningewaomba wasome ndugu yake, ambao ni Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, uliopitishwa Addis Ababa mwezi wa Julai 1990 na kuridhiwa na Kenya mwaka 2000. Kifungu chake cha 31 chataja wajibu wa mtoto, kwamba awaheshimu wazazi wake, wakubwa wake na wazee wakati wote. Tena mkataba huu wa Afrika ni mkali kuliko ule wa dunia katika jambo letu. Ule wa dunia wasema mtoto ni mtu wa chini ya miaka 18, isipokuwa sheria ya nchi imemhesabu mtu mzima mapema zaidi. Wa Afrika wasema miaka 18, basi. Mlango ule wa nyuma, tuliouona tangu Versailles, safari hii ulifungwa na Waafrika wenyewe.

Katiba ya mwaka 2010 ilifanya mikataba iliyoridhiwa kuwa sehemu ya sheria ya Kenya, na kifungu cha 53 kikampa kila mtoto jina na uraia tangu kuzaliwa. Tangu 2011 ni kosa la jinai kumkeketa binti. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilikataa ile sheria ya zamani iliyomzuia mama asiye na ndoa kuandikisha jina la baba wa mtoto wake. Jambo hili lawahusu mabinti wengi wa migongo hii, na afadhali lisemwe wazi kuliko kunong'onwa. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua mahali pa ile ya 2001, yasema kwamba mtoto wa chini ya miaka 12 hawezi kuhesabiwa kuwa na hatia ya jinai. Zamani kiwango kilikuwa miaka 8. Kila moja ya sheria hizi yauliza swali lile lile la karani.

Juu ya kazi, nataka niseme neno kwa wanachama wenye majani chai. Sheria ya ajira ya mwaka 2007 haikubali mtoto wa chini ya miaka 13 aajiriwe kwa kazi yoyote, na yamruhusu wa miaka 13 hadi 16 kazi nyepesi tu isiyomdhuru wala kumzuia shule. Mtoto anayembebea mama yake kikapu hadi kituo cha kununulia chai siku ya Jumamosi, hakuna mkataba unaomkusudia huyo. Anayekusudiwa ni yule aliye katika shamba la jirani siku ya Jumanne, kwa ujira, shule ikiendelea. Tunawajua. Wengine wao ni yatima wa wanachama waliokuwa pamoja nasi, na katika wao wamo wasio na cheti, kwa hiyo mwajiri akiulizwa umri wao husema apendavyo, kama ilivyokuwa Makuyu miaka mia iliyopita.

Utaratibu wenyewe si mgumu kama ulivyo katika masimulizi. Mtoto akizaliwa hospitalini, wauguzi huandika taarifa ya uzazi. Akizaliwa nyumbani, taarifa hutolewa kwa naibu wa chifu. Ndani ya miezi sita uandikishaji ni wa kawaida. Ikipita miezi sita waitwa wa kuchelewa, na hapo hutakiwa ushahidi zaidi, kama kadi ya kliniki, kadi ya ubatizo au barua ya shule. Ushahidi huo ndio uliokwamisha wengi wetu mwaka huu, hasa bibi wanaolea wajukuu ambao mama zao wamefariki au wamekwenda mjini bila habari.

Kwa sababu hiyo halmashauri imenunua kitabu kikubwa chenye mistari, nacho kiko kwa katibu. Kila mwanachama mwenye mtoto au mjukuu asiyeandikishwa anaombwa afike aandikwe humo: jina la mtoto, la mama, na la baba kama yupo, mahali alipozaliwa, na mzee au mama aliyekuwapo siku ile na anayekumbuka. Wakunga wa zamani waliobaki wanaombwa hasa wasikose, maana wao ndio wajuao mtoto yupi alitangulia mvua na yupi alifuata. Katibu na wajumbe wawili watakwenda na kitabu hicho kwa naibu wa chifu, mtaa kwa mtaa, wakianzia kwa watoto wanaotarajia kufanya mtihani, kisha yatima, kisha wengine.